Siri ya Mtungi: Maktaba ya Mtandaoni na Haki ya Msomaji

Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kwa kawaida tunaitumia methali hii tunapotaka kusema kwamba mambo ya ndani ya mtu yanajulikana na aliye karibu naye. Mimi nimeichagua kwa sababu ya kata yenyewe. Kata huzama ndani ya mtungi, huona maji yamebaki kiasi gani na kama yana tope, kisha hutoka na kurudi mahali pake bila kumtangazia mtu. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo tabia inayotakiwa kwa mtu anayeazimisha vitabu.

Katika insha hii nataka kujadili swali moja. Siku hizi zipo zana za mtandao ambazo humwezesha msomaji kuona orodha ya vitabu kwa simu yake, kuandika maoni, kumuuliza msomaji mwenzake na kujibiwa papo hapo. Je, maktaba inayomfungulia kila mtu mlango kwa njia hiyo ina haki ya kumwonyesha kila anayeingia? Sitalijibu kama mtaalamu wa maktaba, maana mimi ni mwanafunzi wa lugha. Nitalijibu kama mtu aliyetengeneza zana ya namna hiyo kwa nia njema na akamuumiza mtu kwayo.

Ninaishi Mutakura, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, jirani na Cibitoke, si mbali na Kinama na Ngagara. Tangu mwaka 2014, komuni 13 za jiji zilipounganishwa zikawa tatu, sisi tuko katika komuni ya Ntahangwa. Anayetoka kwetu anajua kwamba nyumba zimebanana. Ukuta wa jirani ndio ukuta wako, na mtoto akilia usiku nyumba nne zinaamka. Ukipika samaki, mtaa mzima unajua. Nayasema haya kwa sababu yanahusu hoja yangu: mahali ambapo watu wanajuana hivyo, jambo dogo likiandikwa haliwi dogo tena.

Katika mtaa wetu kuna chumba cha kusomea. Hakina jina kubwa, nami sitalitaja lile dogo kilicho nalo. Kina meza tatu, mabenchi, na rafu zenye vitabu vipatavyo mia sita, vingi vya Kifaransa, vingine vya Kirundi, vichache vya Kiswahili na Kiingereza. Mzee mmoja aliyestaafu ualimu ndiye anayekitunza. Zamani mtu akitaka kitabu aliandika katika daftari jina lake, jina la kitabu na tarehe. Mzee alilifunga daftari na kuliweka chini ya mkono wake. Vitabu vilichelewa sana kurudi, na aliyekitaka kitabu hakujua kiko kwa nani.

Mimi na wanafunzi wenzangu wawili tuliona tunaweza kusaidia. Wakati wa likizo tuliandika majina ya vitabu vyote katika jedwali la pamoja la mtandaoni. Kila mwenye kiungo aliweza kulifungua kwa simu. Kila kitabu kilikuwa na mstari wake: jina, mwandishi, rafu, nani amekiazima, tangu lini. Pembeni tuliacha nafasi ya maoni. Mtu aliweza kuandika kwamba kitabu ni kigumu, au kuuliza maana ya neno, au kumwambia aliyekichukua, «Ukimaliza niletee mimi kabla ya mtihani.»

Ni lazima niseme ukweli kwamba jambo hili lilifanikiwa. Vitabu vilianza kurudi kwa sababu waliovitaka waliwafuata waliovichukua. Chini ya kitabu cha kemia cha Kifaransa, kijana mmoja anayejifunza ufundi wa magari aliwaelezea wanafunzi wa sekondari kwa Kiswahili cha gereji namna betri inavyofanya kazi, na maelezo yake yalieleweka kuliko ya kitabu. Mtu ambaye hakuwahi kuitwa mwalimu alikuwa mwalimu. Tulifurahi, tukachangishana pesa za megabaiti ili hata mzee aweze kulifungua jedwali.

Kisha binti mmoja wa sekondari aliazima kitabu kinachoeleza namna ya kuishi na virusi vya UKIMWI na namna ya kumtunza mgonjwa. Aliandika jina lake kama tulivyomwagiza kila mtu. Mstari ule ukakaa pale, jina lake upande mmoja na jina la kitabu upande mwingine. Sijui nani aliuona kwanza. Ninachojua ni kwamba mtu aliupiga picha ya skrini, na baada ya siku chache picha hiyo ilikuwa katika simu za watu ambao hawajawahi kukanyaga chumbani kwetu. Wasichana waliacha kukaa naye benchi moja. Kwenye bomba la maji watu walinyamaza alipofika.

Kitabu kililetwa na shangazi yake, kimefungwa kwenye kipande cha kitenge. Alikiweka mezani, akamsalimia mzee kwa heshima, kisha akanigeukia mimi. Alisema, «Mwanangu, kitabu hiki kimerudi. Mtoto hatarudi.» Hakuongeza neno. Nilitaka kumwambia kwamba sikukusudia, lakini alikuwa ameshatoka.

Hadi leo sijui binti yule alikitaka kitabu kwa ajili ya nani. Pengine kwa ajili yake, pengine kwa ajili ya mtu wa nyumbani, pengine kwa ajili ya somo la biolojia. Wasomaji wengine watataka kujua. Mimi mwenyewe nilitaka kujua, na tamaa hiyo ndiyo iliyonifundisha kwamba hatukuwa na haki ya kujua tangu mwanzo.

Baada ya siku ile nilibishana na mzee. Nilipomwomba radhi kwa kuharibu kazi yake, alinijibu, «Mwanangu, hata daftari langu lilikuwa na majina.»

«Ndiyo, mzee,» nikasema. «Basi kosa letu liko wapi?»

«Daftari lilikuwa chini ya mkono wangu.»

Jibu hilo ni fupi, lakini limenichukua miezi mingi kulielewa. Maandishi ni yale yale: jina, kitabu, tarehe. Kama kuandika jina ni kosa, mzee alikosea kwa miaka mingi kabla yetu. Tofauti haiko katika maandishi. Iko katika nani anayaona, yanaweza kwenda umbali gani, na yanadumu muda gani. Daftari lilimjua mtu mmoja aliyekuwa na wajibu wa kunyamaza. Jedwali letu liliwajua watu wote wenye kiungo, wala hatukumpa hata mmoja wajibu wowote. Daftari likijaa hutupwa au huliwa na mchwa. Picha ya skrini haina mwisho. Sisi tulidhani tumelihamisha daftari kutoka mezani kwenda kwenye simu, kumbe tulikuwa tumemwondoa kata na kuuvunja mtungi ili kila mtu aone maji.

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani kwamba nazilaumu zana za mtandao kwa jumla. Ziko hoja nzito za kuzitetea, na lazima zisikilizwe kwanza.

Mwaka 1931 mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, alitoa kanuni zake tano za kazi ya maktaba. Alisema kwamba vitabu ni vya kutumiwa, kwamba kila msomaji ana kitabu chake, kwamba kila kitabu kina msomaji wake, kwamba muda wa msomaji uokolewe, na kwamba maktaba ni kitu chenye uhai kinachokua. Ukizisoma kanuni hizi unaona kwamba jedwali letu lilizitii zote. Kijana wa gereji alikuwa msomaji wa kitabu ambacho hakuna aliyedhani ni chake.

Wazo la kumfanya msomaji awe mchangiaji limeenea duniani. Mwaka 2005 Michael Casey, mkutubi wa Marekani, alianza kutumia jina «Library 2.0» kwa maktaba inayowashirikisha wasomaji katika kazi yake. Mwaka huo huo ilianzishwa LibraryThing, ambamo watu huorodhesha vitabu vyao na kuvipa maneno ya kuvitambulisha. Mnamo Januari 2008 maktaba kubwa ya Bunge la Marekani iliweka picha zake za zamani zaidi ya elfu tatu mtandaoni na kuwaomba watu wa kawaida waandike wanachokijua kuzihusu. Watu wakataja majina, mahali na matukio ambayo wakutubi hawakuyajua. Programu ya Koha, inayotumiwa na maktaba nyingi duniani kutunza orodha za vitabu, ilianza kutumika New Zealand mwaka 2000 na hutolewa bure. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Mambo haya ni mazuri. Kwetu sisi, ambao vitabu ni vichache na maelezo yake mara nyingi ni ya lugha tusiyoimeza vizuri, maoni ya msomaji mwenzako katika lugha unayoielewa yanaweza kuwa na thamani kuliko kitabu chenyewe.

Kwa hiyo swali langu si kama zana hizi ni nzuri au mbaya. Swali ni kama uzuri wake unaweza kununuliwa kwa kumfunua mtu. Wapo wanaosema ndiyo, na hoja zao nilizozisikia ni tatu.

Hoja ya kwanza inasema kwamba faragha ni jambo la kigeni. Rafiki yangu mmoja tunayesoma naye alisema, «Sisi Waafrika tunaishi pamoja. Kujificha ni tabia ya Wazungu wanaoishi kila mtu na mlango wake.» Hoja hii inavutia, hasa kwa mtu aliyezaliwa Mutakura. Lakini si kweli. Lugha zetu wenyewe zinaikataa. Kiswahili kina neno «kusitiri», yaani kumfunika mwenzako ili aibu yake isionekane, na mtu anayesitiri husifiwa. Hatumwiti mnafiki. Katika Kirundi neno «ibanga» lina maana ya siri, na pia lina maana ya wajibu au dhamana aliyokabidhiwa mtu. Katibu huitwa «umunyamabanga», mtu wa siri. Babu zetu waliona kwamba kukabidhiwa kazi na kukabidhiwa siri ni jambo moja.

Tuwatazame pia bashingantahe, wazee wa busara waliosuluhisha ugomvi milimani. Walisikiliza kesi mbele ya watu, tena kwa uwazi. Lakini walijitenga kushauriana kabla ya kutoa uamuzi. Uwazi ulikuwa na mahali pake na faragha ilikuwa na mahali pake, katika shughuli ile ile moja. Tena, watu wanaoishi wamebanana ndio wanaohitaji zaidi kusitiriana. Mwenye nyumba ya vyumba kumi anaweza kujificha mwenyewe. Sisi wenye ukuta mmoja na jirani tunaweza kufichwa tu na adabu ya jirani. Tunasikia kila kitu na tunajifanya hatukusikia. Huo ndio ujirani mwema, na jedwali letu liliuharibu, kwa sababu huwezi kujifanya hukusoma kitu kilichoandikwa mbele ya macho yako.

Hoja ya pili ni ya ridhaa. Inasema kwamba binti yule aliandika jina lake kwa mkono wake, hakulazimishwa, na jedwali lilikuwa wazi kwa kila mtu kuliona. Mimi mwenyewe nilijitetea hivi usiku wa kwanza. Lakini tuulize: alikuwa na njia gani nyingine? Alikihitaji kitabu, na kitabu kilikuwa nyuma ya mstari uliotaka jina lake. Ridhaa ya mtu asiye na mlango wa pili ni ridhaa pungufu. Zaidi ya hayo, mtu huwezi kukubali jambo usilolijua. Yeye alidhani anaandika jina ili mzee ajue kitabu kiko wapi. Hakuna aliyemwambia kwamba anautangazia mtaa.

Mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, alifundisha mwaka 1785 kwamba binadamu asitumiwe kama chombo tu cha kufikia lengo la wengine, bali atendewe daima pia kama mwenye lengo lake mwenyewe. Nilipoisoma kanuni hiyo darasani niliona ni jambo la mitihani. Sasa naiona kwa namna nyingine. Majina katika jedwali yalitusaidia sisi: vitabu vilirudi, maoni yaliongezeka, tulisifiwa. Binti yule alikuwa chombo cha mafanikio yetu, na alipolipa gharama tulishangaa.

Hoja ya tatu ni ya kiufundi. Inasema: ondoeni majina, wekeni namba. Kila msomaji awe na namba yake na mambo yatakwisha. Mwanzoni niliipenda hoja hii, kisha nikasoma habari za kampuni ya AOL ya Marekani. Mnamo Agosti 2006 kampuni hiyo ilitoa hadharani, kwa ajili ya utafiti, maneno ambayo watumiaji wake wapatao laki sita na nusu walikuwa wameyatafuta mtandaoni kwa muda wa miezi mitatu. Majina yaliondolewa na kila mtu akapewa namba. Siku chache baadaye waandishi wa gazeti la New York Times walimtambua mwanamke mmoja wa jimbo la Georgia kwa kuyasoma tu maneno aliyoyatafuta. Namba haikumficha, maana mambo anayoyatafuta mtu yanamchora kama picha. Kama hayo yalitokea katika nchi kubwa vile, itakuwaje Mutakura? Mtu akiona kwamba msomaji namba 41 ameazima kitabu cha hesabu cha kidato fulani, kisha kitabu cha ushonaji, kisha kitabu kile, atamtaja jina kabla maji hayajachemka.

Sasa nije upande wangu. Nadhani msomaji anapoomba kitabu anatukabidhi vitu viwili. Cha kwanza ni dhamana ya kitabu, kwamba atakirudisha. Cha pili ni swali lake, maana kila kitabu kinachoazimwa ni swali ambalo mtu anajiuliza. Kitabu ni mali yetu sote, na ni haki kila mtu ajue kama kiko ndani au kiko nje. Swali si mali yetu. Ni lake. Mtu asipokuwa na mahali pa kujiuliza bila kutazamwa, ataacha kujiuliza, au atauliza yale tu ambayo mtaa unamruhusu. Mwanafunzi ataazima vitabu vya kumpendezesha kwa wenzake. Mwenye maradhi atabaki na maradhi yake na uvumi. Hapo maktaba itakuwa wazi kwa wote, lakini wanaohitaji zaidi hawataingia.

Wakutubi wenyewe waliliona jambo hili zamani. Maadili ya kazi ya chama cha wakutubi wa Marekani ya mwaka 1939 yaliwataka watunze kama siri habari za binafsi wanazozipata kwa kuwahudumia wasomaji. Mwaka 2012 shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, IFLA, lilitoa maadili yake nalo likasema kwamba uhusiano kati ya maktaba na msomaji ni wa siri. Katiba ya Burundi ya mwaka 2018 inatambua haki ya kila mwanamke na kila mwanamume kuheshimiwa katika maisha yake ya faragha. Majirani zetu wametunga sheria za kulinda taarifa za watu: Kenya na Uganda mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Siyataji haya ili nijikinge nyuma ya sheria. Nataka kuonyesha kwamba mzee wetu, aliyeweka daftari chini ya mkono wake bila kusoma lolote kati ya hayo, alikuwa akitii jambo ambalo watu wa mahali pengi wamelifikia kwa njia zao.

Na kunyamaza huku kunaweza kumgharimu mtu. Mwaka 2005 wakutubi wanne wa jimbo la Connecticut, Marekani, walidaiwa na serikali watoe taarifa za matumizi ya kompyuta za maktaba, tena wakakatazwa hata kusema kwamba wamedaiwa. Walikataa, wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 serikali ikaliacha dai lake. Mimi najiuliza kama ningekuwa na ushujaa huo. Sina hakika. Ndiyo maana naona ni afadhali taarifa zisiwepo kabisa baada ya kitabu kurudi. Mtu hawezi kulazimishwa kutoa kile ambacho hana.

Mtu anaweza kunipinga hapa na kusema, «Basi vitabu vitapotea. Mali ya umma italindwaje?» Pingamizi hili ni la haki na sitalikimbia. Tumebadilisha jedwali. Sasa linaonyesha tu kama kitabu kiko ndani au kiko nje. Anayekitaka kilicho nje humwambia mzee, na mzee humfikishia ujumbe aliye nacho. Jina liko katika daftari, na kitabu kikirudi mzee huufuta mstari kwa wino mweusi hadi usisomeke. Hata programu kubwa kama Koha zina njia ya kufuta uhusiano kati ya msomaji na vitabu alivyosoma zamani, kwa hiyo jambo hili linawezekana mtandaoni pia kwa wenye uwezo. Nafasi ya maoni tumeiacha, lakini mtu huandika akitaka na kwa jina analolitaka, na kuazima kitabu hakumlazimishi kuandika. Kijana wa gereji bado anafundisha kemia.

Gharama ipo. Mzee anafanya kazi zaidi kuliko zamani. Vitabu vinachelewa kidogo kuliko siku zile ambapo kila mtu alimfuata mwenzake. Viwili havijarudi hadi leo. Nimevipima vitabu hivyo viwili na benchi moja lililobaki tupu, na naona benchi ni hasara kubwa zaidi. Asiyekubaliana nami nitamheshimu, lakini nitamwomba aeleze ni vitabu vingapi vingetosha kuwa bei ya mtu mmoja.

Limebaki swali la mwisho, nalo ni langu mwenyewe. Nilipaswa kufanya nini juu ya binti yule? Kusema sikukusudia ni kweli, lakini hakutoshi. Anayechimba shimo njiani na kusahau kulifunika hakukusudia mtu avunjike mguu, na bado shimo ni lake. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuomba radhi hadharani, niandike katika jedwali lile lile kwamba tumekosea. Nilishaandika sentensi mbili nilipogundua kwamba radhi hiyo ingemtaja tena. Hata bila jina lake, mtaa ungejua. Ningetua mzigo wangu kwa kuuweka juu ya kichwa chake. Nilijifunza hapo kwamba ipo radhi inayomfariji mwombaji tu.

Nilikwenda kwa shangazi yake jioni moja, peke yangu, nikamwomba msamaha nikiwa nimesimama mlangoni. Alinisikiliza. Hakusema kwamba amenisamehe, wala sikumdai. Alisema tu kwamba mtoto anasomea nyumbani. Nilimweleza tulichokibadilisha ili kama siku moja mtoto atauliza, awe na la kumwambia. Zaidi ya hapo sikuwa na haki ya kuomba.

Kisha mimi na mzee tulifanya jambo moja ambalo haliko katika kanuni za maktaba. Karibu na mlango tumeweka rafu ndogo yenye vitabu vya afya, vya ndoa, vya sheria za mirathi, na kile kitabu kilichorudi katika kitenge. Anayetaka kuchukua huchukua bila kuandika popote. Wenzangu walisema vitaibwa, na huenda ni kweli. Wiki ya tatu kitabu kile hakikuwepo. Mwezi uliofuata nilikikuta mahali pake, kimekunjwa ukurasa mmoja. Kisha kikaondoka tena.

Sisi tunaosoma leo tutakuwa walimu, wakutubi na watunzaji wa kumbukumbu za watu wengine, na wengi wetu tutaombwa kuingiza daftari la zamani katika mtandao. Nawasihi wenzangu wasiikatae kazi hiyo, maana faida yake nimeiona kwa macho. Lakini kabla ya kuandika safu ya kwanza ya jedwali, tujiulize ni nani atakuwa kata, na kama tumemwachia mkono wa kufunikia mtungi. Kitabu kile kiko nje wakati ninapoandika insha hii. Mzee hajui kiko kwa nani, wala mimi sijui.